Hedhi imekata, unameza dawa ya saratani: je, mimba haiwezi kuingia?

Barua ya wiki hii imetoka Kinyangiri, wilaya ya Mkalama, mkoani Singida. Nimeifupisha na kuondoa jina. Yaliyobaki ni haya:

"Shikamoo mama. Mimi nina miaka 36 na watoto 3. Mwaka juzi niliondolewa titi la kushoto, nikawekewa dripu za kemo, na sasa namaliza mwaka nikimeza tamoksifeni kila siku. Tangu kemo sijaona siku zangu. Mume wangu anasema kama damu haitoki, mimba itaingilia wapi? Tena anasema tukipata wa 4 ni baraka. Mimi roho haikutulia, nikaenda kliniki kuomba nirudishiwe sindano ya miezi 3 niliyokuwa nachoma zamani. Muuguzi alipoona pakiti ya dawa zangu akaweka kalamu chini, akasema nisubiri aulize kwanza. Nikarudi nyumbani mikono mitupu. Shoga yangu alitibiwa mimba ya zabibu mpaka akachomwa dawa za kansa, na yeye aliambiwa achome sindano hiyohiyo, tena alikatazwa lupu. Kwa nini yeye apewe, mimi ninyimwe? Kansa si ni kansa tu?"

Marahaba mwanangu, na pole kwa yote uliyopitia.

Kabla ya jibu lolote, kesho asubuhi pima mimba. Kile kipimo cha mkojo cha kijiti kinapatikana kituo cha afya na hata duka la dawa muhimu. Sisemi kwamba unayo. Nasema miezi mingi bila hedhi na bila kinga, ukiwa unameza dawa hiyo, haitoshi kukaa na kubahatisha. Ikitoka mistari 2, usimeze kidonge kingine kabla hujaongea na daktari wako wa saratani, na uongee naye siku hiyohiyo kwa simu, usingoje tarehe ya kliniki. Ukitoka mstari 1, tumieni kondomu kuanzia usiku huo, kisha rudia kipimo baada ya wiki 3, maana mimba changa sana huwa haijaonekana.

Tuje kwa baba watoto. Hoja yake wanaume wengi wanayo, na wanawake wengi pia, na ukiisikia kwa haraka inaingia akilini. Kosa lake ni moja. Katika mwili wa mwanamke yai hutangulia, damu hufuata kama wiki 2 baadaye. Kwa hiyo mayai yakilala miezi 8 halafu siku moja likaamka moja, litatoka bila kupiga hodi. Anayengoja aone damu ndipo aanze kujihadhari ni sawa na anayengoja basi stendi wakati limeshapita. Kemo huyalaza mayai, kweli, na kwa wengine hayaamki tena, hasa waliokaribia kukoma hedhi. Kwa mama wa miaka 36 mara nyingi huamka. Na kuhesabu siku kwa kalenda hakusaidii hapa, kwa sababu hakuna mzunguko wa kuhesabu.

Tena tamoksifeni yenyewe ina historia ya kushangaza ambayo ningependa baba watoto aisome. Dawa hii ilitengenezwa Uingereza mwaka 1962 na mwanakemia Dora Richardson, katika kampuni ya ICI. Walichokuwa wanatafuta hakikuwa dawa ya saratani. Walitaka kidonge cha kuzuia mimba baada ya tendo. Kwa panya ilifanya kazi vizuri. Kwa wanawake ikageuka: badala ya kuzuia, ikaonekana inaweza kuchochea mayai kutoka, hata ikaja kutumika kwa wanaotafuta mtoto. Ilikuwa karibu itupwe kapuni. Mwaka 1971 madaktari wa Manchester wakatoa matokeo ya kuijaribu kwa wanawake wenye saratani ya titi, na mwaka 1973 Uingereza ikairuhusu kwa kazi hiyo. Leo imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Kwa hiyo kidonge unachokimeza kila siku si kinga ya mimba hata kidogo. Kinaweza kufanya kinyume.

Na mimba ikiingia, dawa hii si rafiki wa mtoto. Imehusishwa na ulemavu wa kuzaliwa nao, hasa sehemu za siri na uso. Nayo haitoki mwilini upesi: kitu ambacho ini huigeuza kuwa hubaki damuni kwa majuma. Ndiyo maana hata ukimaliza unaambiwa usishike mimba kwa miezi kadhaa. Miongozo ya zamani ilisema 2, ya karibuni kule Ulaya inafika 9. Daktari wako ndiye atakayekupa idadi ya kwako.

Kwa nini basi muuguzi asikupe sindano, kama mimba ni hatari kiasi hicho?

Saratani za matiti zinatofautiana. Nyingi, na yako imo kwa kuwa umepewa tamoksifeni, zina vipokezi vya homoni ya kike, estrojeni. Vifikirie kama viti barazani. Estrojeni ikija ikakaa, chembe ya saratani inapata nguvu ya kuzaana. Tamoksifeni inaingia mapema na kuvikalia viti hivyo, mgeni akifika hana pa kukaa. Sasa vidonge vya majira vya kawaida vina estrojeni na mwenzake projestini. Ukivimeza unaleta wageni zaidi mlangoni, wakati unalipa mlinzi awafukuze.

Utasema, sindano ya miezi 3 haina estrojeni, ina projestini peke yake. Kweli. Vipandikizi vya mkononi navyo ni projestini, na vidonge vya mama anayenyonyesha, na lupu ya homoni. Lakini saratani nyingi za titi zina viti vya projestini pia, na hakuna aliyethibitisha kwamba ni salama. Shirika la Afya Duniani limepanga njia za uzazi wa mpango katika madaraja 4 kwa kila ugonjwa: 1 ni tumia bila wasiwasi, 4 ni usitumie. Wauguzi wengine wana kigurudumu cha karatasi ngumu cha kuangalia madaraja hayo. Kwa mwenye saratani ya titi, njia zote za homoni zimewekwa 4, iwe kidonge, sindano, kipandikizi au lupu ya homoni. Aliyepona na kukaa miaka 5 bila dalili yoyote anahamia 3, maana yake bado si za kukimbilia. Kitanzi cha shaba, kile kisicho na homoni, kimewekwa 1.

Kuna jambo jingine watu hawalisikii mara nyingi. Tamoksifeni huongeza kidogo uwezekano wa damu kuganda miguuni au kwenye mapafu, na estrojeni nayo ina tabia hiyohiyo. Ukiziweka pamoja unaongeza kuni kwenye moto. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikikukata ghafla, nenda hospitali saa hiyohiyo. Damu ikitoka ukeni kwa namna usiyoizoea, nayo itajwe kwa daktari, kwa sababu dawa hii hugusa pia ukuta wa mfuko wa uzazi.

Kwa hiyo muuguzi aliyeweka kalamu chini alifanya kazi yake. Natamani wangekuwa wengi.

Sasa shoga yako. Naye aliambiwa ukweli, na hapo ndipo "kansa ni kansa tu" inapoanguka. Mimba ya zabibu ni mimba iliyokosea tangu mwanzo, kondo linakua vibaya kama kichala, na baadhi yake hugeuka saratani inayotibiwa kwa dawa kama methotreksati. Ugonjwa huo hufuatiliwa kwa kupima homoni ya mimba kwenye damu. Ikishuka mpaka ikaisha, amepona. Ikipanda, ugonjwa umerudi. Sasa akishika mimba mpya homoni inapanda pia, na daktari hawezi kujua kama anatazama mtoto au ugonjwa. Tena methotreksati huharibu mimba. Lazima ajikinge kwelikweli, na kwa ugonjwa wake sindano, vidonge na vipandikizi viko daraja la 1. Lupu ndiyo tatizo, kwa kuwa ukuta wa mfuko wa uzazi umelegea, unaweza kutoboka au kutoa damu nyingi. Yeye homoni ndiyo, lupu hapana. Wewe lupu ya shaba ndiyo, homoni hapana. Mkibadilishana ushauri kisimani mnaweza kuumizana bila kukusudia.

Mwenye saratani ya mlango wa kizazi, ambayo ndiyo inayoongoza kwa wanawake hapa Tanzania, hali yake ni nyingine tena. Akiwa anasubiri matibabu anaweza kutumia sindano au vidonge, ila asiwekewe lupu mpya. Iliyokuwepo huachwa mpaka matibabu yaanze.

Na kwa wazazi wenye binti anayetibiwa saratani ya damu: msishtuke mkiona mtoto wa miaka 14 ameandikiwa vidonge vinavyofanana na vya majira. Chembe zinazogandisha damu zikishuka, hedhi inaweza kumtoa damu mpaka ikawa hatari, na madaktari huizuia kwa muda. Niliwahi kumsikia baba mmoja akifoka kwamba binti yake anafundishwa uhuni. Ulizeni kwanza.

Hapo juu nimeeleza dawa zinazovutana kwa kazi zake. Ipo namna nyingine ya kugongana, na hii hufanyika kwenye ini. Dawa fulani huliamsha ini likachoma homoni za uzazi wa mpango haraka kuliko kawaida, kinga ikaisha nguvu kabla ya muda wake bila mwenyewe kujua. Rifampisini ya kifua kikuu inajulikana kwa hilo, na karbamazepini na fenitoini za kifafa. Upande wa saratani, aprepitanti, dawa ya kuzuia kutapika ambayo baadhi ya wagonjwa hupewa siku za kemo, hupunguza nguvu ya vidonge vya majira wakati unaitumia na kwa siku 28 baada ya dozi ya mwisho. Na kutapika kwenyewe ni adui: kidonge kikitoka ndani ya muda wa saa 2 tangu ukimeze, ni kama hukumeza. Haya yanawahusu zaidi wenye saratani zisizolishwa na homoni, ambao bado wanaruhusiwa vidonge. Hao wavae kondomu juu yake.

Mwanangu, wewe njia yako ya kwanza kuuliza ni kitanzi cha shaba. Kinakaa miaka 10 na zaidi, hakimwagi homoni yoyote, na hakigombani na tamoksifeni. Taja neno "shaba" ukiomba, kwa sababu lupu ya homoni nayo ipo na kwa macho ya mgeni zinafanana. Wengine huongezewa hedhi na maumivu miezi ya mwanzo, hilo ulijue mapema. Kwa wenzako ambao bado wako kwenye kemo, kiwekwe kwa ruhusa ya daktari baada ya kupima damu, maana kinga ya mwili ikiwa chini ni rahisi kupata maambukizi.

P2 nayo ni projestini, dozi moja kubwa, kwa hiyo isiwe ndiyo mpango wenu wa kila mwezi. Kondomu ikipasuka, kitanzi cha shaba kikiwekwa ndani ya siku 5 kinazuia mimba kuliko P2.

Tahadhari kuhusu neno "sindano". Wapo wanaopewa na daktari wa saratani sindano ya goserelini kila siku 28, tumboni, ya kulaza mayai. Wanarudi kijijini wakisema nimeshachomwa sindano, na jirani anaelewa uzazi wa mpango. Siyo. Hiyo ni sehemu ya tiba ya saratani, na mtengenezaji wake mwenyewe anaagiza utumie kinga isiyo na homoni pamoja nayo.

Kuna njia ya kudumu pia, na hapa nitamgeukia tena baba watoto. Kama siku moja mtakubaliana kwamba watoto wanatosha, kufunga kizazi kwa mwanaume ni upasuaji mdogo kuliko wa mwanamke, anarudi nyumbani siku hiyohiyo, na nguvu zake hazipungui. Atatumia kondomu miezi 3 mpaka mbegu zilizobaki ziishe. Wewe umeshalala kitandani cha upasuaji mara moja kwa ugonjwa ambao hukuuomba. Sisemi zaidi.

Najua pia nini kitatokea gazeti likifika mitaani: kina mama wasio na saratani watakimbia kutoa vipandikizi. Naomba msifanye hivyo. Mwaka 2017 watafiti wa Denmark walitoa matokeo ya kuwafuatilia wanawake milioni 1.8. Waliokuwa wakitumia homoni za uzazi wa mpango walipata saratani ya titi zaidi kidogo ya wasiotumia: kwa wastani mgonjwa 1 wa ziada kwa kila wanawake 7,690 kwa mwaka. Upo, lakini ni mdogo, na vidonge hivyohivyo hupunguza saratani ya mayai na ya ukuta wa mfuko wa uzazi. Niliyoyaandika yanamhusu aliyekwishaambiwa ana saratani ya titi au amewahi kuwa nayo. Ukiwa na uvimbe titini ambao haujapimwa, huo ndio wa kukimbiza kituo cha afya.

Kinachonisumbua zaidi katika barua hizi, na ya Kinyangiri si ya kwanza, ni kwamba daktari wa saratani hajui unachotumia kuzuia mimba, na muuguzi wa uzazi wa mpango hajui unachomeza kwa saratani. Faili moja liko Ocean Road, au Bugando, au KCMC, na kadi nyingine iko kliniki ya kata. Katikati ni wewe. Kutoka Singida hadi Dar es Salaam ni kama kilometa 700, na hata treni ya umeme iliyoanza kufika Dodoma mwaka 2024 haikuondolei kipande cha basi. Hakuna atakayesafiri njia hiyo kwenda kuuliza swali moja. Tena wengine huona haya kuuliza mambo ya chumbani mbele ya daktari kijana huku mume amekaa kiti cha pili, wengine huficha saratani kliniki ili wasisemwe.

Simu unayosomea hapa ina kamera. Piga picha pakiti ya kila dawa unayomeza, piga picha kadi ya uzazi wa mpango, piga picha ile karatasi ya majibu ya kinyama iliyoandika kama saratani yako ina vipokezi vya homoni. Wakati wa kuondoka hospitali omba namba ya kliniki yao. Muuguzi wa Kinyangiri akizionyeshwa picha hizo hatahitaji kukurudisha mikono mitupu tena.

Bado baraka ya wa 4. Mume wako hajakosea kutamani, amekosea wakati. Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya utafiti wa nchi mbalimbali uitwao POSITIVE, wa wanawake 516 wasiozidi miaka 42, waliokuwa na saratani ya titi ya hatua za mwanzo yenye vipokezi vya homoni. Walimeza dawa miezi 18 hadi 30 kwanza, wakasimamisha kwa ruhusa ya madaktari, wakangoja miezi 3 dawa itoke, ndipo wakatafuta mtoto, kwa muda usiozidi miaka 2, kisha wakaambiwa wairudie dawa. Katika miaka michache ya kuwafuatilia, saratani haikurudi zaidi kuliko kwa wale ambao hawakusimamisha. Ya miaka mingi mbele bado yanafuatiliwa. Wewe ndiyo kwanza unamaliza mwaka, na dozi yako ni miaka 5, kwa wengine hufika 10. Kwa hiyo jibu la kumpelekea nyumbani ni "si sasa, na si bila daktari", na swali lenyewe mlipeleke pamoja tarehe yenu ijayo ya kliniki: saratani yangu ilikuwa hatua ya ngapi, je, naweza kusimamisha siku moja, na lini?

Nasubiri uniandikie kipimo kimesemaje.